Kufunga antena bapa Kitui na Makueni

Fundi aliyezoea dishi za televisheni akikabidhiwa antena bapa ya intaneti ya Starlink, kwanza huuliza inaelekezwa wapi. Ana haki. Setilaiti ya Eutelsat inayorusha DStv ipo nyuzi 36 mashariki, na Kitui mjini ni kama 38, kwa hiyo dishi hutazama karibu utosini. Akishaipata na kukaza spana, kazi imekwisha: setilaiti hiyo iko kilomita 35,786 juu na haihami.

Setilaiti za Starlink, iliyoingia Kenya Julai 2023, hupita kilomita 550 hivi juu yetu, zikienda kilomita 27,000 kwa saa. Nani atazifukuza kwa spana? Bapa lina mamia ya antena ndogo, na kila moja hucheleweshewa ishara kidogo. Kwenye gigahezi 12 wimbi moja ni sentimita 2.5. Antena zikiachana nusu wimbi, na kila moja ikachelewa robo wimbi nyuma ya jirani yake, mwale huinama nyuzi 30 bila bapa kusogea. Ufundi huu ulikomaa kwenye rada za kijeshi.

Mwale ukiinama nyuzi 60, eneo la bapa linalofanya kazi hubaki nusu. Isitoshe, setilaiti za televisheni zimejipanga juu ya ikweta, yaani juu ya vichwa vyetu, na kanuni za kimataifa zinaitaka Starlink isiziingilie. Mwale hulazimika kuukwepa ukanda huo. Ndiyo maana programu ya Starlink kwenye simu ikitaja upande na mwinamo, mimi huvifuata hata kama jicho linakataa.

Kabla ya ngazi, anga hupigwa picha kwa programu hiyohiyo ili kuona vizuizi. Makueni adui ni mwembe, Kibwezi ni mbuyu. Nguzo ya chuma mbali na mti ni bora kuliko panga. Juu ya mabati, skrubu hupita kwenye mgongo wa bati hadi kwenye mbao, kisha silikoni.

Umeme ndio unaowashangaza wengi. Antena ya kawaida ya Starlink hula wati 75 hadi 100. Betri ya risasi ya volti 12, ampea-saa 100, ikitumiwa nusu ili isife mapema, huiendesha saa sita hadi nane. Ile ndogo, iitwayo Mini, hula 25 hadi 40, nayo ndiyo ninayowashauri wenye sola ndogo.

Mvua kubwa ya Novemba ikikata mtandao, ngazi ibaki chini. Wingu likipita, ishara hurudi yenyewe.