Nipo, sipo

*Shangazi, nina miaka 24, nanunua dagaa kisiwani Ukara na kuwauza soko la Mwaloni, Kirumba. Mwezi Machi mtumbwi wetu ulipigwa na dhoruba usiku, tukaokolewa na wavuvi. Tangu hapo naiona dunia kama iko nyuma ya kioo. Nikipokea hela, mkono nauona kama wa mtu mwingine. Mwanangu ananiita, najua ni wangu, lakini moyo hauitiki. Kila asubuhi najikagua kwenye kioo kama nimerudi. Mama anasema ni mashetani ya ziwani. Mimi naogopa naelekea wazimu.*
*Nipo Sipo, Kirumba*

Pole sana, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama kwenye neno moja dogo: kama. Dunia kama iko nyuma ya kioo, mkono kama wa mtu mwingine. Aliyepatwa na wazimu unaouogopa hasemi "kama". Huamini kabisa kuwa mkono ule si wake, na ukimbishia mtagombana. Wewe unajua mkono ni wako na mtoto ni wako. Kilichopotea ni ladha ya kujua huko. Na mama asiyempenda mwanawe asingeumia hivi.

Wala si mambo ya ziwa letu peke yake. Profesa mmoja wa Geneva, Henri-Frédéric Amiel, aliieleza hali hii katika shajara yake mwaka 1880, na kutokana na neno lake Mfaransa Ludovic Dugas akaipa jina la kitaalamu mwaka 1898. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani, Russell Noyes na Roy Kletti, walichapisha maelezo ya watu walioponea chupuchupu kufa, baadhi yao majini. Wengi walisimulia kwamba katikati ya hatari walijiona kama watazamaji wa jambo linalompata mwingine. Inaelekea ndivyo akili inavyojikinga hofu ikizidi. Tena wewe unavuka maji yale yale ya Ukara, ambako kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 na watu zaidi ya 220 wakafa. Hofu hiyo mlikuwa mmeipakia mtumbwini kabla upepo haujaanza.

Kwa wengi hali hii hupita baada ya dakika au siku chache. Kwako imeng'ang'ania, na naona kule kujikagua kwako kunaisaidia kukaa. Anayekaa macho kuusubiri usingizi halali. Kila unapojiuliza "nimerudi?" unajiangalia tena kwa mbali, unaogopa upya, na kioo kinazidi unene. Kwa hiyo acha kujikagua asubuhi. Nawa uso, chana nywele, ondoka.

Ikikujia sokoni usipigane nayo. Jiambie ni ile hali, itapita, kisha ipe mikono kazi: ingiza vidole kwenye dagaa, sikia ukavu wao, toa mchanga na vijiwe, msalimie mteja kwa jina. Pumzi ikienda mbio, itoe polepole, kwa sababu kuhema haraka huongeza kizunguzungu. Kwa mtoto usisubiri moyo uitike kwanza. Mwogeshe, mlishe, mbebe. Hisia huja nyuma ya mikono. Lala usiku kwa kadiri biashara inavyoruhusu, na usiguse bangi wala pombe, maana bangi yenyewe inaweza kuleta hali hii.

Mama usigombane naye. Akikuombea, itikia amina. Lakini mtaji wa dagaa usiende kwa mganga, wala usinunue vidonge vya usingizi dukani. Hakuna kidonge kimoja kinachojulikana kuiondoa hali hii. Nenda hospitali ya Bugando, uliza kitengo cha afya ya akili, na useme maneno haya haya uliyoniandikia. Kinachosaidia zaidi ni mazungumzo na mtaalamu, ikiwemo kuizungumzia dhoruba yenyewe, ambayo katika barua umeipa sentensi moja tu. Kama kuna nyakati unapoteza fahamu, unakakamaa au unajikuta umeuma ulimi, mwambie daktari, kwa kuwa kifafa nacho huleta ugeni wa namna hii.

Na siku likikujia wazo la kujiua, usisubiri siku ya kliniki. Mwamshe mama, mwende hospitali usiku huohuo. Ndiyo maana naomba gazeti hili umsomee jioni hii, mtoto akiwa mapajani mwako.