SOMO LA UJENZI: KAZI ISIYO NA MWENYEWE



Tangu KNCU ilipoandikishwa mwaka 1933, vyama vya msingi vya mlima wetu vimejenga maghala na ofisi kwa jasho la mkulima. Shilingi ya jengo hutoka katika kilo ya kahawa. Hivyo yatupasa kujua namna ya kulinganisha zabuni za mafundi kabla ya kutia sahihi. Somo hili lahusu kosa lisiloonekana katika jumla ya bei: kazi iliyo kati ya fundi mmoja na mwenzake, ambayo hakuna aliyeiandika.

1. Yaliyotokea

Katika chama kimoja nilichokikagua juu ya Kwa Sadala, ujenzi wa ghala uligawanywa kwa mwashi, seremala wa paa, fundi bomba na fundi umeme. Viongozi walichagua bei ya chini katika kila fungu. Kuta zikasimama. Seremala alipoleta kenchi, akakuta juu ya ukuta hamna vyuma vya kufungia paa. Akasema, "Vyuma huzikwa katika zege, hiyo ni kazi ya mwashi." Mwashi akajibu, "Paa si langu." Wote wawili walisema kweli, maana hati zao hazikutaja vyuma. Msimu ukaingia ghala likiwa wazi. Kahawa ya maganda ikawekwa katika chumba cha kukodi kilichovuja. Mvua za vuli zikainyeshea, nyingine ikaota ukungu na kushuka daraja. Wanachama wakakatwa fedha mara ya pili.

2. Mahali pa kutazama

Pengo hupatikana pale fundi mmoja anapomwachia mwingine kazi. Ulizeni:
(a) Nani atachimba na kufukia mtaro wa bomba la maji?
(b) Nani atachonga ukuta kwa ajili ya nyaya, na nani ataziba na kupiga lipu?
(c) Nani atajenga msingi wa zege wa mashine ya kumenyea kahawa na kuzika boliti zake?
(d) Nani atafunga mifereji ya bati, na maji yake yataishia wapi?
(e) Nani ataleta jukwaa la kupandia, na nani ataondoa udongo na takataka?

3. Namna ya kulinganisha

Kwanza, andikeni orodha ya kazi zote, tangu kusafisha kiwanja hadi kukabidhi funguo, kabla ya kufungua zabuni. Pili, choreni jedwali: kazi upande wa kushoto, mafundi juu. Tatu, someni kila zabuni na kutia alama pale tu kazi ilipotajwa kwa maneno. Msikubali "kama kawaida" wala "na kazi nyinginezo." Mstari usio na alama ni pengo. Mstari wenye alama za mafundi wawili wa fani mbalimbali ni kazi itakayolipwa mara mbili. Nne, waulizeni mafundi wote kwa barua, wajibu kwa barua.

4. Mfano wa hesabu

Tuseme mwashi wa kwanza ametaka Sh. 12,500,000, naye ametaja kazi zote za orodha. Wa pili ametaka Sh. 11,200,000, lakini ameacha mtaro (Sh. 450,000), kuziba kuta (Sh. 350,000) na msingi wa mashine (Sh. 900,000). Mapengo yake ni Sh. 1,700,000, bei yake halisi ni Sh. 12,900,000. Aliyeonekana rahisi amezidi kwa Sh. 400,000. Lakini kabla ya kuongeza, hakikisheni kwamba fundi bomba hakuuhesabu mtaro huo katika zabuni yake.

5. Hitimisho

Jedwali hilo liambatishwe na mkataba, lisomwe mbele ya wanachama na kuhifadhiwa katika jalada. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Katika ujenzi, kila kazi iwe na jina moja mbele yake, wala isiwe na mawili.

Maswali ya kujadiliana chamani

1. Katika jengo lenu la mwisho, ni kazi gani iliyolipiwa nje ya mkataba? Ilikuwa kati ya mafundi gani?
2. Kwa nini orodha iandikwe kabla ya zabuni kufunguliwa?