Kubadilisha Treni King's Cross Bila Kupotea

Wenzangu wasomaji, sisi tumezoea steji ya matatu. Ukifika pale huna haja ya kusoma chochote. Makanga atakuitia, "Kawangware! Kawangware! Bado wawili!" na usipokaa chonjo atakusukuma ndani hata kama ulikuwa unaenda Kangemi. Sasa hebu fikiria mji ambao treni zake hupita chini ya ardhi na hakuna mtu hata mmoja wa kukuitia. Huko kazi ya makanga hufanywa na maandishi ya ukutani. Asiyeyasoma hupelekwa asikokusudia, tena kimya kimya.

Somo letu la leo basi ni stesheni ya makutano, yaani stesheni ambapo njia mbili au zaidi za treni hukutana na abiria hutoka katika treni moja akapanda nyingine. Tutachukua mfano wa King's Cross St Pancras mjini London. Treni ya kwanza ya chini ya ardhi duniani ilianza kubeba abiria katika mji huo tarehe 10 Januari 1863, na King's Cross ilikuwa miongoni mwa stesheni zake za mwanzo. Leo njia sita hupita hapo.

Mgeni hujiuliza, mbona stesheni yenyewe ni kama kichuguu? Sababu ni kwamba haikujengwa kwa mpango mmoja. Reli ile ya 1863 ilichimbwa karibu na uso wa ardhi. Njia ya Piccadilly ilikuja mwaka 1906, kwenye handaki refu chini zaidi, na ile ambayo leo huitwa Northern ikafuata 1907. Njia ya Victoria ikapenyezwa mwaka 1968. Kila mmoja alichimba palipobaki nafasi, kisha vijia na ngazi za umeme vikaunganisha mashimo hayo yote. Ndiyo maana unaweza kushuka, ukapanda, ukakata kona, halafu ukashuka tena, na bado uko King's Cross!

Tuseme umetua uwanja wa ndege wa Heathrow, na shangazi yako anaishi karibu na stesheni ya Seven Sisters. Unapanda treni ya Piccadilly, nayo itakufikisha King's Cross baada ya muda wa saa moja hivi. Ukishuka pale, soma mambo matatu kwa mpango huu: jina la njia, upande unaoelekea, na mwisho wa safari ya treni.

Jina la njia huenda na rangi. Lakini usiamini rangi peke yake, maana Piccadilly ni buluu iliyokoza na Victoria ni buluu hafifu, na macho yaliyokesha ndani ya ndege hayatofautishi. Soma jina. Kisha utafika mahali kijia kinapogawanyika, kulia upande mmoja na kushoto upande mwingine. Ukutani pameorodheshwa stesheni zote zilizo mbele. Simama utafute Seven Sisters. Usipoiona, huo si upande wako, hata kama umati wote unaelekea huko. La tatu huandikwa kwenye ubao wa taa juu ya jukwaa na kwenye kipaji cha treni. Katika njia ya Northern jambo hili si mchezo, kwani treni za kwenda kaskazini hugawanyika: nyingine huishia Edgware, nyingine High Barnet.

Tena ujihadhari na maandishi "Way Out", yaani njia ya kutokea. Anayebadilisha treni hana kazi nayo. Itampeleka hadi barabarani. Kadi unayoigusisha langoni huiguse unapoingia mwanzo wa safari na unapotoka mwisho. Ukisahau kuigusa mwishoni, utakatwa nauli ya juu kabisa.

Hata hivyo, ukiniuliza mimi, shangazi huyo usimfuate kwa kubadilisha King's Cross. Ramani inayotumika ilibuniwa na Harry Beck na kuchapishwa kwa umma mwaka 1933. Ni ramani safi ajabu, lakini hutoa mpangilio wa stesheni, si umbali. Kila makutano huonekana kama kiduara tu, na kiduara hakikwambii utatembea hatua ngapi na sanduku lako. Kumbe ukibaki kwenye treni ile ile ya Piccadilly utafika Finsbury Park, ambapo majukwaa yalipangwa upya ili treni za Piccadilly na Victoria zinazoelekea upande mmoja zisimame ubavu kwa ubavu. Unashuka, unavuka jukwaa hatua chache, unapanda Victoria, na stesheni inayofuata ni Seven Sisters. Mashabiki wa kandanda hawatapitiwa: stesheni iliyo kabla ya Finsbury Park inaitwa Arsenal.

Kwenye ngazi za umeme, simama upande wa kulia ili wenye haraka wapite kushoto. Ukisikia wafanyakazi wakitoa amri, itii papo hapo. Jioni ya tarehe 18 Novemba 1987, moto ulizuka chini ya ngazi ya umeme ya mbao iliyotoka njia ya Piccadilly hapo King's Cross. Watu 31 walikufa. Uchunguzi uliona kwamba yaelekea chanzo kilikuwa njiti ya kiberiti iliyodondoshwa. Wengi walinaswa katika ukumbi wa tiketi juu, mahali ambapo mtu angedhani ameshaokoka, hali baadhi ya waliokuwa chini waliondolewa kwa treni.

Sasa siku ya kurudi nyumbani, ambapo kosa lina bei. Si kila treni ya Piccadilly iendayo magharibi hufika Heathrow. Nyingine huchepuka baada ya Acton Town kuelekea Uxbridge. Na zile za Heathrow pia hutofautiana: nyingine huenda Terminal 4, nyingine Terminal 5. Ukigundua umo ndani ya treni ya Uxbridge, shuka Acton Town, au hata kabla yake, ungoje treni yenye jina la Heathrow na namba ya jengo iliyo kwenye tiketi yako ya ndege.