Machozi ya Toba na Furaha ya Kurudi kwa Mungu

Usiku mmoja mitume wawili walimkosea Bwana wetu: Yuda alimsaliti, Petro alimkana mara tatu. Wote wawili waliona uchungu wa kosa lao. Lakini Yuda alikata tamaa. Petro alilia, akarudi.

1. Majuto ni nini?
Majuto ni uchungu wa moyo kwa sababu ya dhambi, pamoja na kusudi la kutoitenda tena. Majuto ni kamili mtu ajutapo kwa kuwa amemchukiza Mungu mwema anayempenda. Ni pungufu ajutapo kwa kuogopa adhabu tu. Je, asiyetokwa na machozi hana majuto? La, sivyo. Wako waliao kwa sababu tu aibu yao imejulikana. Mungu hutazama moyo.

2. Mfano wa Baraka
Jumamosi tarehe 28 Novemba 1964, siku za maasi ya Simba, Padri Luigi Carrara, Mmisionari Mxaveri, alikuwa akiungamisha kanisani Baraka. Kesho yake ilikuwa Dominika ya kwanza ya Majilio. Waasi walifika, wakamwua Bruda Vittorio Faccin kwa risasi. Padri alitoka nje. Walipomwamuru aende nao, alichagua kufa pamoja na ndugu yake. Akapiga magoti, akauawa. Siku ile ile, huko Fizi, waliuawa Padri Giovanni Didonè na Abé Albert Joubert, mzaliwa wa Kongo. Wote wanne walitangazwa Wenyeheri mjini Uvira tarehe 18 Agosti 2024.

Tufikiri basi: katika hatari kubwa namna ile, padri aliketi akingoja wakosefu. Nasi, wakati wa amani, twaahirisha kuungama hata mwaka mzima!

3. Furaha ya kurudi
Mwana mpotevu alitayarisha maneno mengi njiani, lakini baba yake alimkimbilia kabla hajayasema. Ndivyo Mungu atupokeavyo. Aungamaye vema hurudishiwa neema ya utakaso, na mbinguni hufanyika shangwe. Machozi yaliyoanza kwa uchungu humalizika kwa furaha.

Maswali
1. Petro na Yuda walitofautiana kwa nini?
2. Majuto kamili ni yapi?
3. Padri Carrara alikuwa akifanya kazi gani waasi walipofika?

Kusudi: Juma hili nitatafuta dhamiri yangu, nitaungama, nami nitapatana na jirani niliyemkosea.