SOMO LA KIKUNDI: MTOTO MNENE NA MDOMO WA MZAZI



Hapa Kisian na kando ya ziwa lote, miaka ya 1980 na 1990 Ukimwi ulikondesha watu wetu na kuwamaliza. Tangu hapo, mtoto akinenepa tunafurahi: "Huyu ana afya!" Lakini unene ukizidi unaweza kumletea sukari na presha mapema.

Wazazi tunakosea kwa njia mbili. Mmoja anasifu tu, na kuongeza soda na mandazi. Mwingine anamwita mtoto "Kibonge" mbele ya wageni na kumnyima chakula. Mtoto huyo huona haya, hachezi na wenzake, anakula kwa kujificha, na unene unazidi.

Tufanye nini?

1. Mwite kwa jina lake. Ndugu zake pia wasimcheke.

2. Nyumba yote ibadilishe chakula, si yeye peke yake: omena isiyoogelea mafuta, osuga, maharagwe, matunda. Maji badala ya soda.

3. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wachangamshe mwili dakika 60 kila siku. Aende shule kwa miguu, si kwa boda-boda. Aruke kamba.

4. Mpeleke dispensari apimwe uzito na urefu. Usimnunulie dawa za kukondesha.

Maswali ya kujadili:

Je, kwako mtoto huyu anaitwaje? Akisikia jina hilo, uso wake unakuwaje? Ni neno gani utaliacha leo?