Kabla ya Chupa ya Dawa, Funua Kope la Mbuzi

Mvua zimeanza, na mkoani Kigoma, kutoka Kibirizi hadi Ilagala, nyasi changa zimejaa kando ya njia. Mfugaji anapumua, hahangaiki tena kutafuta majani. Minyoo nayo ndiyo imeingia msimuni.

Wa kuogopwa zaidi ni ule mwembamba, mwekundu, unaokaa katika tumbo la nne na kunyonya damu. Wataalamu huuita Haemonchus contortus. Jua la kiangazi liliua lava wengi malishoni, lakini minyoo mingine ilijibanza ndani ya mbuzi, imedumaa, ikingoja unyevu. Sasa jike mmoja hutaga mayai 5,000 au zaidi kwa siku. Baada ya wiki moja hivi, lava wanapanda majani yenye umande. Minyoo 1,000 hunyonya karibu mililita 50 za damu kila siku, na mbuzi wa kilo 25 hana hata lita mbili.

Wengi husubiri mbuzi aharishe. Mnyoo huu mara nyingi haumharishi. Mbuzi huachwa nyuma na wenzake, huvimba chini ya taya, kisha unamkuta amekufa.

Kwa hiyo tazama jicho. Mtoe mbuzi nje kwenye mwanga, bonyeza jicho taratibu kwa kidole gumba, shusha kope la chini utazame ndani yake. Likiwa jekundu, mwache. Likiwa la waridi iliyofifia au jeupe, mnyweshe dawa leo. Rudia kila wiki mbili mvua zikiendelea, na uwakazie macho wanaokaribia kuzaa na wanaonyonyesha. Afrika Kusini walitengeneza kadi ya rangi tano kwa kazi hii, iitwayo FAMACHA. Afisa mifugo akiwa nayo, mwombe akuelekeze.

Kwa nini usiwanyweshe wote umalize? Kwa sababu minyoo itakayosalia ni ile sugu, nayo itazaliana peke yake hadi dawa yako iwe maji tu.

Kipimo nacho. Albendazole hutoka upesi mwilini mwa mbuzi, hivyo kipimo cha kondoo humpunja. Omba kipimo cha mbuzi. Mwenye mimba changa asipewe dawa hii kabisa. Levamisole usiizidishe kwa kubahatisha, inaua. Uzito usiukisie: mizani ya kuning'iniza ya mwaloni humpima mbuzi vizuri akiwa ndani ya gunia. (Uioshe kabla ya kuirudisha, wenye samaki wasikununie.)

Usimfunge mbuzi kamba palepale kila siku. Umande ukauke kwanza ndipo umtoe malishoni, na majani ya lusina yaning'inizwe juu, mbali na kinyesi.

Uvimbe wa taya usipopungua baada ya dawa, peleka kinyesi kibichi kwa afisa mifugo. Kama mbuzi amekuwa akilishwa kwenye majaruba ya bonde la Luiche, mwambie: huko kuna konokono wa maji wanaoeneza minyoo ya ini, nayo inataka dawa nyingine.