Faili Halipo: Seva Ijibu Nini?

Msomaji akibofya kiungo kilichokufa, seva ndiyo inayoamua kama ataelewa kilichotokea au ataondoka amekasirika. Wanaotumia Apache au Nginx waanzie hapa:

1. Kwenye Apache, taja ukurasa wa kosa kwa njia ya ndani: ErrorDocument 404 /haupo.html. Ukiweka anwani kamili inayoanza na https, seva humhamishia msomaji huko na namba 404 hupotea njiani. Kosa hili huwanasa hata wazoefu.

2. Kwenye Nginx, malizia try_files kwa =404. Kuishia na /index.html kunazifaa programu za ukurasa mmoja. Kwenye tovuti ya kawaida, kila anwani ya uongo itajibiwa 200, kana kwamba mambo ni shwari.

3. Faili lililohama lipe 301, lililofutwa kabisa 410. Usirushe kila kitu ukurasa wa mwanzo. Aliyetafuta ratiba ya mitihani hana haja na salamu za karibu.

4. Anwani za picha na mitindo ya ukurasa wa kosa zianze na mkwaju: /picha/nembo.png. La sivyo, ukurasa unaweza kutokea uchi.

5. Chunga herufi kubwa: kwa Linux, Nembo.PNG na nembo.png ni mafaili mawili.

6. Weka favicon.ico. Vivinjari huiulizia hata isipotajwa, na ikikosekana kumbukumbu za makosa hujaa bure.

7. Kagua mipangilio kwa nginx -t au apachectl configtest kabla ya kuipakia upya, kisha jaribu anwani ya kubuni kwa curl -I. Mstari wa kwanza wa jibu uonyeshe 404.